Kuhama jimbo: kodi ya Texas, kesi ya Maine na mbuzi ya nazi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja: nihame jimbo au nibaki nilipo? Nimechagua tano. Mimi mwenyewe nimehama mara tatu ndani ya Marekani, mara ya pili kwa kukurupuka, kwa hiyo mkiona nakuwa mkali mahali, mnivumilie.

Shikamoo shangazi. Tuko Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa tisa huu. Mume wangu ana rafiki zake Dallas wanaomwambia Texas hakuna kodi, nyumba ni bei nafuu na baridi hakuna. Anataka tuhame kiangazi. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, yeye yuko ghalani, watoto watatu, kwa mwaka tunaingiza kama dola 95,000. Nimpinge au nifunge mabegi?

Marahaba mwanangu. Usimpinge. Mkalishe mezani na kalamu.

“Texas hakuna kodi” ni nusu ya habari. Kisichokuwepo ni kodi ya jimbo kwenye mshahara. Ile ya serikali kuu mtakatwa vilevile. Kwa mapato yenu na watoto watatu, Minnesota inachukua kama dola 2,500 hadi 3,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo pesa mnayoifuata. Iandikeni juu ya karatasi.

Chini yake andikeni kodi ya majengo, maana mnataka kununua. Miji mingi ya pembeni ya Dallas inatoza karibu asilimia 2 ya thamani ya nyumba. Nyumba ya dola 300,000 ni kama dola 6,000 kabla ya punguzo la mwenye kuishi humo. Na hapa ndipo wenzetu wengi wameumia. Unaingia kwenye tovuti ya wilaya, unaona bili ya mwaka jana ya nyumba uliyoipenda ni dola 3,400, unashangilia. Hiyo ni bili ya anayeondoka. Nyumba anayoishi mwenyewe, Texas hairuhusu thamani yake ya kutozwa kodi ipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na akifika miaka 65 kodi yake ya shule inagandishwa. Siku akikuuzia, kinga hizo zinaondoka naye, na mwaka unaofuata wewe unakadiriwa kwa bei ya soko. Omba makadirio ya bili kwa jina lako, usisome ya kwake. Ongeza bima ya nyumba, maana mvua ya mawe kule inakula mapaa, na umeme wa AC kuanzia Mei.

Halafu kuna vitu mnavyovipata Minnesota bila kuvihesabu. Tangu 2023 watoto wanakula asubuhi na mchana shuleni bila kulipa. Tangu Januari 2026 kuna likizo ya kulipwa ukijifungua au ukiuguza mtu. Na mmoja wenu akipoteza kazi, Texas ni kati ya majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo: watoto watapata pa kushika, ninyi watu wazima mtahangaika. Kima cha chini cha mshahara huko ni dola 7.25, hakijaguswa tangu 2009. Ghala zinalipa zaidi ya hapo, sawa, lakini ujue sakafu iko wapi.

Baridi nayo: Februari 2021 umeme ulikatika kwenye mamilioni ya nyumba za Texas, nyingine kwa siku kadhaa, maji yakaganda kwenye mabomba, watu zaidi ya 200 wakafa. Minnesota baridi ni kali, ila nyumba zimejengwa zikijua hilo.

Kama mumeo ana barua ya kazi mkononi, mshahara umeandikwa na bima ya familia imo, nendeni, Dallas ina watu wetu na maisha yapo. Kama alicho nacho ni sauti za WhatsApp, aende yeye kwanza wiki mbili. Aende Agosti, si Machi.

Mimi ni muuguzi, RN, hapa Houston. Tunahamia Tacoma, jimbo la Washington. Leseni yangu ni ile ya majimbo mengi. Naweza kuanza kazi mara moja?

Ndiyo. Washington iliingia mwaka 2023 kwenye mkataba wa majimbo yanayotambuliana leseni hizo za wauguzi. Lakini tangu Januari 2024 una siku 60 baada ya kuhamia kuomba leseni ya Washington. Usingoje ile ya Texas iishe muda. Ungekuwa unakwenda California au Minnesota ningekuambia usiache kazi kabla leseni mpya haijatoka, maana hao hawamo. CNA hawana mkataba huo kabisa: kila jimbo lina daftari lake na unaomba kuhamishwa. Mama wa Brooklyn Park, hapo nakuambia na wewe.

Jambo mama. Sisi ni Wakongo, tumeomba hifadhi, tuko Portland, Maine. Kesi iko mahakamani. Ndugu yangu yuko Des Moines, Iowa, anasema kule kazi za viwanda vya nyama ni nyingi na nyumba inapatikana. Je, kesi itatufuata?

Jambo sana, mama. Haitawafuata yenyewe, na jambo hili ndilo lililonifanya niandike safu ya mwezi huu.

Mkihama, ndani ya siku 5 za kazi mnatakiwa kuijulisha mahakama anwani mpya kwa fomu EOIR-33, kila mmoja mwenye kesi na fomu yake. Hiyo ni anwani tu. Kuhamisha kesi ni ombi jingine, mnamwandikia jaji na kumpa sababu, naye anaweza kukataa. Mpaka akubali kwa maandishi, mahakama yenu ni ileile ya Massachusetts, maana Maine haina mahakama ya uhamiaji. Siku ya kesi ikifika nanyi mko Iowa mnafungasha nyama, jaji anaweza kuamuru mrudishwe bila kuwasikiliza. Nimeona familia iliyohama kwa nia njema kabisa, barua ikaenda kwenye nyumba ya zamani, mwenye nyumba akaiweka juu ya friji.

Akikubali, kesi za Iowa husikilizwa Omaha, Nebraska, saa mbili kwa gari kutoka Des Moines. Muulizeni pia mwanasheria kuhusu ile saa ya siku 180 ya kibali cha kazi: mkiomba kuhamisha kesi, inaweza kusimama. Kama vibali bado hamjavipata, mimi ningesubiri Portland. Kiwanda hakitawaandika bila kibali, na msaada wa mji mnaoupata Maine hamtaubeba.

Na wote ambao si raia, ninyi pamoja na wenye grinikadi: fomu AR-11 ya kubadili anwani ndani ya siku 10. Msitegemee posta iwapelekee barua za uhamiaji nyumba mpya. Nyingi hurudishwa zilikotoka.

Shangazi, niko Minot, North Dakota. Kazi nzuri, madeni nimemaliza. Ila sina mtu wa kuongea naye Kiswahili ana kwa ana. Nafikiria Columbus, Ohio, ambako Waswahili wapo. Mshahara utapungua dola 4 kwa saa. Ni ujinga?

Dola 4 kwa saa ni dola 8,320 kwa mwaka, bila ovataimu. Ongeza kwamba mji wa Columbus wenyewe unakata asilimia 2.5 ya mshahara, kitu ambacho Minot hukijui. Nimekupa hesabu kwanza ili usiseme nilikudanganya.

Ile mara niliyohama kwa kukurupuka, nilitoka Lowell, Massachusetts, nikafuata dola tatu zaidi kwenye mji mdogo usio na mtu wetu. Simu ya msiba wa mama ilikuja saa tisa usiku. Nilikaa sakafuni jikoni na sare za kazini mwilini, nikampigia msimamizi, akaniambia nitafute wa kubadilishana naye zamu. Asubuhi jirani, mzee wa Kizungu ambaye tulikuwa tunapungiana mkono tu, aligonga mlango na sufuria ya supu. Aliona taa haikuzimwa. Namwombea heri mpaka leo. Lakini supu ile niliinywa peke yangu. Lowell ningefungua mlango nikakuta viatu vimejaa ngazini, mtu keshachukua daftari la rambirambi, mwingine anatafuta tiketi, na mabinti wamekwisha kupika chai bila kuniuliza sukari iko wapi.

Penye watu pia pana mambo ya watu. Utachangia harusi za usiowajua, utaingizwa kwenye magrupu sita, na umbea utakuhusu. Hata hivyo ningekwenda. Chukua wiki ya likizo, lala kwa mtu, si hotelini, nenda nao kanisani au msikitini, uone kama ni watu wako. Kazi ipatikane kabla hujarudisha funguo za Minot.

Tunahama mwezi ujao kutoka California. Samani tubebe au tuuze?

Uzeni. Lori la kukodi la kwenda tu bei yake inategemea uelekeo: kunakotoka watu wengi, kama kwenu, malori yanakwisha na bei inapaa. Makochi hayana thamani ya nauli yake, na kitanda cha kuunga hakiungiki mara ya pili. Vyeti vya watoto, kadi za chanjo na pasipoti visipande kwenye lori, viwe miguuni kwako. Na mbuzi ya nazi mbebe. Nilipoiacha ya kwangu nilikuna nazi kwa grata ya jibini miezi minne, vidole vyangu vinakumbuka.