Maswali ya Wasomaji: Meli ya Doria Hukaaje Baharini Wiki Tano?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu meli za doria imeleta maswali mengi kutoka Arusha na Moshi. Tumechagua manne.

Ndugu wahariri, mlisema meli hizi zina injini kubwa mbili lakini siku nyingi zinajikokota noti 10 au 12 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Kwetu gereji, Fuso likizoea kuachwa sailensa, yaani linanguruma bila mzigo, usiku kucha, halichelewi kuanza kula oili. Meli haipati ugonjwa huo?
*Fundi wa dizeli, Unga Limited, Arusha*

Inaupata, fundi, na ni ugonjwa wa kuogopwa. Nguvu ya kusukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ukishuka kutoka noti 24 hadi 12, kazi inayobaki ni kama sehemu moja kati ya nane, kwa hiyo injini iliyofungwa kwa ajili ya noti 24 sasa inabeba asilimia 12 hivi ya uwezo wake. Hapo turbo haileti hewa ya kutosha, silinda inapoa, dizeli haiungui yote. Ringi za pistoni nazo hubanwa kwenye laina, yaani ukuta wa ndani wa silinda, na shinikizo la gesi. Likipungua, oili inapenya juu na moshi unapenya chini. Laina inajipaka tabaka linalong'aa kama kioo, ile mikwaruzo inayoshika oili inazibika, na kuanzia siku hiyo injini inakula oili hata ukiipa mzigo. Mafuta yasiyoungua yanatuama kwenye bomba la moshi. Nahodha akidai mwendo wa ghafla, yanaweza kuwaka humo humo.

Njia ya kawaida ni kuzima injini moja ili nyingine ibebe peke yake. Lakini hapa ndipo makosa hutokea. Propela ya upande uliozimwa inaendelea kuzungushwa na maji. Shafti na gia boksi vinazunguka, ilhali pampu ya oili inayoendeshwa na injini imesimama. Beringi zinaungua bila kelele. Kwa hiyo ama shafti inafungwa breki, ama pampu ya akiba ya umeme inaachwa ikifanya kazi muda wote. Saa za mzigo mdogo huandikwa kwenye daftari, na zikifika kikomo kilichotajwa na mtengenezaji, injini hupandishwa mzigo hatua kwa hatua mpaka moshi usafike. Waholanzi walilimaliza jambo hili tangu kwenye michoro: meli zao nne za daraja la Holland, zenye mita 108, zina mota za umeme kwa mwendo wa polepole, injini kubwa zikiwa zimezimwa. Kwa meli inayokesha ikizunguka, tunaona huo ndio uamuzi sahihi.

Kwa nini meli ya mita 90 ibebe mzinga wa milimita 30 tu?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi*

Bila shaka umesoma kuhusu meli tano za Uingereza za kundi la pili la daraja la River, ambazo ya kwanza, HMS Forth, iliingia kazini 2018. Hazikujengwa kwa vita, na kuzipeleka mbele ya makombora ni kuwatoa mabaharia kafara. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani ukanda wa kiuchumi hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370, karibu sawa na barabara ya Moshi hadi Tanga. Anayetafutwa humo ni trola, yaani meli ya uvuvi wa nyavu za kukokota, isiyo na leseni au jahazi la dawa za kulevya, na kwa hao milimita 30 zinatosha. Kilichogharamiwa ni masafa ya maili 5,500 na chakula cha siku 35.

Upungufu wa kweli uko kwenye macho. Rada iliyo mita 25 juu ya maji huona mashua yenye kimo cha mita 2 kwa umbali wa maili 14 hivi. Zaidi ya hapo dunia imejipinda. Mbao na faiba hurudisha mwangwi hafifu, na mawimbi ya kusi huufunika. Helikopta huangalia kutoka juu, ndiyo maana sitaha yake ina thamani kuliko mzinga mkubwa.

Mwanangu anajifunza ubaharia na atakuwa kwenye boti ya ukaguzi. Inashushwaje, na hatari iko wapi?
*Mama, Majengo, Moshi*

Shikamoo mama. Hatari kubwa iko kwenye ile dakika moja ya kugusa maji. Meli hugeuzwa ili boti iwe upande wa demani, penye kinga ya upepo, na mwendo hupunguzwa bila kusimama: mapezi ya kutuliza mrama, yaani kuyumba kwa meli, hutegemea maji yanayopita. Kabla ya kushusha, kamba ya omo (sehemu ya mbele) ya boti hufungwa mbele kabisa kwenye meli. Boti ikikaa juu ya wimbi, ndoana ya kreni inayoishusha hufunguliwa mara moja, dereva anaelekea nje, na kamba ya omo inaachiwa mwisho. Ikiachiwa kwanza, boti inaning'inia kwenye ndoana huku ikiburutwa, na hapo hupinduka. Kurudi ni kinyume chake: kamba kwanza, ndoana baadaye.

Mwanao ajue pia kwamba ndoana iliyo tupu hupepesuka na mrama na kupiga vichwa, hivyo kofia ngumu haivuliwi. Waya wa kreni nao huoza kwa ndani huku grisi ya nje ikionekana safi.

Vile vipande vya kijivu vilivyofungwa karibu na propela ni vya nini?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Ni zinki. Chuma cha bodi na shaba ya propela vikiwa pamoja ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa; zinki huliwa badala yake. Hubadilishwa chelezoni ikibaki kama nusu. Fundi rangi akiipaka pamoja na bodi, ameiua. Na ikitoka majini nzima kama ilivyofungwa, usifurahi: haigusani na chuma, basi kagua bodi yenyewe.