Ajira za tawi jipya la duka la vifaa vya michezo Moshi

Kwa wanaouliza kama tawi jipya la duka la vifaa vya michezo Moshi litaleta ajira: ndiyo, litaleta, ila nyingi hazitakuwa za kaunta, kwa sababu duka la aina hiyo huhitaji watu wachache tu ndani: wauzaji, mtunza fedha, mtunza stoo na mlinzi. Ajira pana zaidi huwa nje ya duka lenyewe, kwa fundi anayebadilisha spoki na kunyoosha rimu za baiskeli, kwa kijana anayebandika majina na namba migongoni mwa jezi kwa mashine ya joto, na kwa washonaji wanaopewa oda za timu za shule. Nimefanya kazi stoo katika biashara hii, na msimu wa Kilimanjaro Marathon, ambayo kwa kawaida hukimbiwa mwishoni mwa Februari, wanaoongezwa kwanza ni vibarua. Kwa hiyo vijana wetu wasikubali ahadi za mdomo: wadai mkataba wa maandishi na wahakikishe wameandikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hulipa angalau nusu yake.