Huanzi kwa kuendesha
Ndugu, umeuliza kama ukijitolea kwenye reli za treni za kale za mvuke huku Uingereza utaendesha siku ya kwanza. Thubutu! Unaanza na matambara: kufuta masizi, kuzoa majivu, kuwasha moto alfajiri, maana boila iliyopoa huchukua saa kadhaa kupata mvuke. Baadaye ndiyo unapanda kuwa mchochea moto, kisha dereva, na hiyo ni miaka. Reli ya Talyllyn kule Wales iliokolewa isifungwe na watu wa kujitolea mwaka 1951, reli ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Mimi mgongo umekataa beleshi la makaa, nimebaki na vitreni vyangu vya mezani, kipimo 1:76, yaani vidogo mara 76 kuliko treni halisi, reli upana wa milimita 16.5. Mke wangu kafurahi, mashuka hayana masizi tena.