Chemba Ikibana, Usikimbilie Springi

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimebadilisha mtutu wa bastola yangu ya 1911, nimeweka wa mashindano. Sasa slaidi haifungi mpaka mwisho, inabaki kama milimita mbili. Fundi anasema niweke springi ya pauni 22. Nichukue aina gani?"

(Slaidi ni lile gamba la chuma la juu ya bastola linalorudi nyuma na mbele kila unapopiga; springi ndiyo huirudisha mbele.) Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Pauni 22, namba ileile! Jibu lake ni sentensi moja tu, lakini mimi sentensi hiyo ilinigharimu msimu mzima, kwa hiyo na wewe nivumilie.

Wote tunaopenda shabaha tunaumwa ugonjwa mmoja: tunataka matundu kwenye karatasi yabanane. Bastola ya John Browning, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, iliundwa kwa ajili ya vita. Chemba yake, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, iliachiwa nafasi ya kupumua ili imeze risasi hata yenye vumbi. Mpiga shabaha haridhiki na hilo, na mimi sikuridhika. Nikanunua mtutu wenye chemba ya kubana, fundi akaupachika, na siku ya kwanza tu matundu yalikaa ndani ya nusu ya upana niliouzoea. Karatasi ile nimeibandika ukutani, ipo mpaka leo, na mgeni yeyote anayeingia kwangu lazima ataonyeshwa.

Wiki iliyofuata slaidi ikaanza kusita. Si kila risasi. Labda ya nne, labda ya saba. Naisukuma kwa kidole gumba, tak, inafunga. (Usifanye hivyo. Slaidi ikikataa kufunga inakwambia kitu, na kuna baruti mbele ya pua yako.) Nikampelekea fundi. Akaitazama nusu dakika, akasema, "Mwanangu, springi imechoka, na mikono yako nayo myepesi." Akatoa ya pauni 16, akaweka ya 18.5. Tukakaa vizuri siku chache. Tukapanda 20. Tukapanda 22. Kila tukipanda ugonjwa unapotea, halafu unarudi.

Ndiyo, springi nzito inafungisha slaidi. Ndiyo maana inadanganya. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Springi ile ina kazi mbili. Slaidi ikirudi nyuma, inaipunguzia kasi. Ikifika mwisho, inairudisha mbele, na njiani slaidi inachomoa risasi mpya kwenye magazini na kuifungia chembani. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni nguvu yake ikiwa imebanwa kiasi cha slaidi iliyorudi mpaka nyuma. Kwa 1911 ya kaliba ya .45 yenye mtutu wa inchi 5, inayopiga risasi za nguvu kamili zenye kichwa cha greni 230 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), pauni 16 ndiyo kawaida. Mimi nilikuwa najaza risasi zangu mwenyewe, laini, za shabaha, kichwa cha greni 200. Za namna hiyo watu huzipigia springi ya pauni 12 mpaka 14. Sasa piga picha: bastola inayohitaji 14 imebebeshwa 22.

Ikawa vituko. Slaidi inarudi nyuma kinyonge, haifiki mwisho. Ganda tupu linasimama wima kwenye mlango wa kutokea maganda kama kidole. Maganda yaliyokuwa yakiruka hatua tatu nne yakawa yananidondokea viatuni. Slaidi ikijifunga inajibamiza hadi mdomo wa bastola unainama chini, na macho yanaipoteza shabaha. Nikafanya nini? Nikaongeza baruti. Nilibaki ndani ya kipimo cha jedwali la baruti, sikuwa mjinga kiasi hicho, lakini niliongeza, ili risasi iweze kuisukuma springi ambayo niliiweka ili iweze kuisukuma risasi. Isome tena sentensi hiyo.

Siku ya mashindano, raundi ya pili, risasi ya tatu: slaidi ikaenda mbele, ikakwama. Haifungi, haifunguki. Springi ya pauni 22 ilikuwa imeipigilia ile risasi chembani kama kigingi. Nikaacha mtutu ukiangalia kwenye tuta, nikainua mkono wa pili. Msimamizi akaja, akahangaika nayo taratibu mpaka ikatoka, mimi nimesimama pembeni kama mtoto aliyevunja sahani. Na fundi wangu alikuwepo. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nilimwambia, mikono myepesi." Watu wakacheka. Sitamtaja, lakini sijasahau.

Usiku ule nikafanya kitu ambacho kilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Nikahakikisha bastola ni tupu, nikaifungua, nikatoa mtutu, nikausimamisha mdomo chini, nikadondosha risasi moja chembani. Ilipaswa kuanguka na kulia tok, kuzunguka kwa kidole bila kukwaruza, na nikigeuza mtutu itoke yenyewe kwa uzito wake. Haikulia. Ilizama, ikasita, ikabaki imechomoza. Nikaitoa, nikaipaka wino wa maka pen kuanzia kichwani mpaka kitakoni, nikairudisha, nikaisukuma kidogo, nikaizungusha, nikaitoa tena.

Pete moja ya shaba iliyong'aa, pale kwenye mdomo wa ganda. Kwingine kote wino ulikuwa mzima.

Kalipa ikanipa milimita 12.05. Ganda la .45 hapo mdomoni halitakiwi kuzidi kama 12.01, na chemba ya kubana inataka chini ya hapo. Mashine yangu ya kujazia ilikuwa imelegea pale panapobana mdomo wa ganda baada ya kichwa kukaa. Nikakaza kidogo tu, nikapata 11.94. Tok! Nikadondosha hamsini, zote tok. Nikarudisha baruti ilipokuwa, nikaweka springi ya pauni 14, na tangu hapo haijasita. Msimu uliofuata nilimaliza wa pili. Fundi alikuwa wa saba.

Ndugu zangu, pimeni. Chukueni wino, chukueni kalipa, pimeni kabla ya kununua chochote. Wino ukifutika kichwani, kichwa kinagusa pale mitaro ya mtutu inapoanzia, na kinahitaji kukaa ndani zaidi. Ila ujue ukikizamisha shinikizo linapanda, kwa hiyo rudi kwenye jedwali la baruti kwanza. Ukifutika mdomoni, yako ni kama yangu. Na kama risasi nzuri ya kiwandani nayo haidondoki, basi chemba yenyewe ndiyo finyu: mpe fundi mwenye kifaa cha kuipanua, na asimame hapo hapo risasi inapoingia. Hakuna springi katika maneno yote hayo. Springi ni ya mwisho, na unaichagua kwa nguvu ya risasi unayopiga. Halafu unaibadilisha ikichoka. Mimi hufanya hivyo kila risasi 2,000 hivi, na huandika tarehe kwenye pakiti. Watu wa kizazi chetu tunanunua vipuri kama dawa za kikohozi, kila rafiki na chupa yake. Pimeni kwanza. Nitasema mpaka mnichoke.

Yule msomaji nilimjibu kwa maneno mawili: "Paka wino." Jana kanitumia picha. Wino wake umefutika kitakoni, juu kidogo ya ukingo, upande mmoja tu. Mdomo salama, kichwa salama. Kumbe maganda anaokota ya watu wengine, yamevimba chini, na mashine yake haishuki vya kutosha kuyarudisha saizi. Nimemwambia aishushe mpaka iguse kishikio cha ganda, ajaribu matano. Ananiuliza ile springi ya pauni 22 aliyokwisha kulipia arudishe au aiweke akiba.

Arudishe.