Namba za Jeep na malori ya zamani ya jeshi: anza na chasisi, kibao baadaye

Muuzaji wa Jeep ya Vita vya Pili vya Dunia atakuonyesha kwanza kibao cha namba kilicho kwenye dashibodi. Kisome, kipige picha, kisha usikitegemee. Vibao vipya vinauzwa hadi leo vikiwa vitupu, mtu anagonga namba aitakayo, na kuhamisha kibao halisi kutoka gari moja hadi jingine ni kazi ya dakika chache. Cha kuamini ni chasisi.

Jua kwanza chasisi ni ya nani. Jeep hizi zilitengenezwa na kampuni mbili: Willys waliita yao MB, Ford wakaita yao GPW, na ukiwa mbali huwezi kuzitofautisha. Inama mbele, chini ya rejeta, utazame chuma kinachounganisha reli mbili za chasisi. Kikiwa bomba la mviringo ni Willys. Kikiwa na pembe nne ni Ford. Hili linakuambia pia pa kutafuta namba. Ya MB iko kwenye kibao kidogo kilichopigwa ribiti upande wa ndani wa reli ya kushoto, nyuma tu ya bampa ya mbele. Ya GPW imegongwa kwenye chuma chenyewe, juu ya reli ya kushoto, sehemu ya mbele. Kushoto hapa ni kushoto kwa dereva aliyeketi. Namba za MB zilianzia 100001 mwaka 1941, kwa hiyo MB yenye namba ya tarakimu tano ina walakini.

Kwenye GPW usiguse grainda. Diski ikipita mara moja inakula kina cha tarakimu, na mkaguzi akikuta chuma kinang'aa mahali hapo atadhani namba imefutwa makusudi. Toa grisi kwa mafuta ya taa, paka dawa ya kuondoa rangi, iache ilainishe, kisha sugua kwa mkono ukitumia brashi ya waya wa shaba. Kutu iliyobaki ifunike kwa kitambaa kilicholowa siki usiku kucha, asubuhi suuza, kausha na upake mafuta. Sasa tia giza mahali hapo, ulaze tochi karibu kabisa na chuma ili mwanga upite ubavuni. Kivuli kitajaa ndani ya tarakimu. Piga picha mwanga ukitoka kushoto, kisha ukitoka kulia, maana 3 na 8 hudanganya sana mwanga ukitoka upande mmoja tu. Ukisugua chaki nyeupe na kufuta juu kwa kiganja, mara nyingi hata tarakimu iliyochoka inasomeka.

Namba ya injini iko upande wa kulia wa bloku, kwenye sehemu bapa iliyotokeza nyuma ya filta ya oili. Ford waligonga namba ileile kwenye injini na chasisi; Willys hawakufanya hivyo, basi usihangaike kuzilinganisha kwenye MB. Hata GPW yenye namba mbili tofauti si lazima iwe na hila, kwa sababu karakana za jeshi zilibadilisha injini bila kujali namba. Namba ikianza na J, umepata injini ya Jeep ya kiraia ya baada ya vita, ambayo inaingia bila shida.

Namba iliyopakwa rangi kwenye boneti ni usajili wa jeshi la Marekani. Haihusiani na namba ya chasisi. Za Jeep huanza na 20, za lori la GMC CCKW huanza na 4, na herufi S mwishoni maana yake umeme wa gari ulizuiliwa usisumbue redio. Ukitaka kuiona chini ya rangi mpya, tumia msasa wa maji namba 600, polepole, tabaka baada ya tabaka.

Upande wa spea, kosa linalokula pesa ni kuagiza kwa namba iliyoinuka kwenye chuma. Hiyo ni namba ya kusubu, imetoka kwenye kalibu. Kipande kilekile kinaweza kuchongwa na kutobolewa kwa namna mbili kikawa spea mbili. Tafuta namba iliyogongwa au kibao kidogo. Kabureta ya Carter ya Jeep, kwa mfano, ni WO-539S, na namba hiyo iko kwenye kibao kinachobanwa na skrubu ya kifuniko. Kwenye mwili wa kabureta utakuta namba nyingine kabisa. Vipande vya Ford, hadi vichwa vya bolti, vina herufi F ya mwandiko, na namba zao zinaeleza kazi: GPW-8005 ni rejeta.

Malori ya baadaye ya jeshi la Marekani kama M35A2 yanatumia namba ya ghala ya tarakimu 13. Chukua 2320-00-077-1616, ambayo ni lori lenyewe lisilo na winchi. Tarakimu nne za mwanzo ni kundi tu: 2320 magari ya matairi, 2530 breki, usukani na ekseli, 2910 mfumo wa mafuta. Kundi linaweza kubadilishwa, kwa hiyo tafuta kwa zile tisa za mwisho. Mbili za mwanzo katika hizo tisa ni nchi: 00 na 01 Marekani, 99 Uingereza. Ukikuta namba ya zamani yenye tarakimu 11, ingiza 00 baada ya nne za mwanzo. Tarakimu 19207 kwenye kibao au pakiti ni msimbo wa kamandi ya magari ya jeshi la Marekani. Wengi huziagiza kama spea. Namba ya spea ndiyo inayofuata.

Beringi ndizo rahisi kuliko zote. Za magurudumu ya Jeep ni za kampuni ya Timken, 18590 kwa koni (pete ya ndani yenye roli) na 18520 kwa kikombe (pete ya nje), seti mbili kila gurudumu, nane kwa gari zima. Soma namba ubavuni mwa koni, nenda nayo duka lolote la beringi, wala usitaje kabisa kwamba ni ya gari la jeshi.