Jibu: Vitabu vya picha kwa watoto wa miaka 2 na 5

Dada, umeuliza ununue vitabu gani vya picha kwa wanao wa miaka 2 na 5, maana vingi ulivyoviona Kampala vimejaa theluji. Usivikatae kwa ajili ya theluji tu, watoto hupenda vitu vigeni. Ila wajione na wao pia: matoke jikoni, bodaboda, bibi aliyevaa gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Uganda.

Huyo mdogo mtafutie vya kurasa ngumu, maana atavitafuna. Wa miaka 5 ndiye wa kumfikiria zaidi. Kabla ya kulipa, funika maneno kwa kiganja ufuate picha peke yake. Kama hadithi inaeleweka, na picha inaonyesha jambo ambalo maneno hayakulitaja, mathalani paka aliyejificha chini ya kitanda, chukua hicho. Mwanao atamwona paka huyo kabla yako.

Bei ikikubana, African Storybook wana hadithi za bure mtandaoni, kwa Kiswahili na Luganda pia. Pakua, peleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapo Kampala, wakuchapishie. Lakini iwe kwa rangi, tafadhali. Nakala nyeusi na nyeupe iliyofifia humchosha mtoto upesi.