Gonga Kwanza, Usikilize

Wiki hii mmeuliza: "Nje ya kazi yako, ni shughuli gani imekuchukua miaka mingi, na je, ungemshauri mwenzako aianze?" Yangu ni Land Rover. Ni ile ndefu tunayoiita mia na tisa, kwa inchi zilizopo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, Series III ya mwaka 1976, na nimekuwa nikiifufua nyuma ya nyumba yangu hapa Moshi tangu 2013. Ushauri ninao, lakini lazima nianze na habari ya nyundo.

Nililinunua gari hili kwa mkulima wa kahawa upande wa Kibosho. Lilikuwa limekaa chini ya mparachichi miaka tisa, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kila aliyeliona alinipongeza akisema Land Rover hailiwi na kutu. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma huku aluminiamu ikipatikana kwa wingi, kwa hiyo Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, ilivalishwa bodi ya aluminiamu, na zilizofuata zikarithi vazi hilo. Ila bodi hiyo imebebwa na chasisi ya chuma, na chasisi yenyewe ni kama boksi refu, tupu ndani. Tope na maji vikiingia humo havitoki. Kutu inakula kutoka ndani kuja nje, na siku unayoiona kwa macho ujue chuma kimeshabaki ganda. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe.

Mimi hayo sikuyajua. Niliyajulia kwa mzee mmoja jirani, fundi aliyezihudumia gari hizi tangu ujana wake. Alinikuta nimeshashika spana, nina hamu ya kufungua kila kitu. Akaniambia, "Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, lakini weka hiyo spana chini. Kabla hujafungua nati hata moja, gonga." Akanipa nyundo ndogo, tukaingia wote wawili chini ya gari, tukagonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia na mlio wake unabaki kidogo masikioni. Chuma kilichooza kinajibu kama kopo lenye mchanga. Palipojibu vibaya tuliweka alama ya chaki. Zilifika alama 17, na nyingi zilikuwa mahali ambapo rangi ilikuwa bado nzuri kabisa.

Kwa kazi mimi ni mkunga. Nimetumia maisha yangu ya utu uzima nikiegemeza sikio kwenye kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto aliye tumboni, usiku, wodi ikiwa kimya. Siku ile chini ya gari nilijua kwamba kazi hii naiweza.

Kuchomelea chasisi kulinichukua miaka minne ya Jumamosi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Siri yake ni subira ya kupima. Gari hukalishwa kwenye stendi imara, likasawazishwa, kisha unapima kwa uzi kutoka tundu la boliti la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, halafu unavuka upande wa pili. Nyuzi mbili zikilingana urefu, chasisi imenyooka. Unakata sehemu moja tu iliyooza, unachomelea kipande kipya, unapima tena, ndipo unahamia nyingine. Mwaka wa pili nilikata sehemu mbili zinazokabiliana kwa siku moja kwa sababu fundi wa kuchomelea alikuwa na haraka, nami nikamkubalia. Joto likavuta chuma, chasisi ikahama milimita 6. Milimita 6 zinatosha kabisa mlango usifunge. Tulikata upya na kurudia kazi ya miezi mitatu. Mwishoni tulimimina oili chafu ndani ya boksi lote na kuliinamisha huku na huku ili ienee, kama mzee alivyoelekeza.

Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva niliupeleka karakana moja mjini. Ulirudi unang'aa, na nilipougonga nikakuta puti, ile ya kuzibia mashimo, imepakwa juu ya kadibodi. Nikaununua mwingine, mkuukuu lakini mzima.

Sasa injini. Kwa miaka yote hii vijana wa gereji wananiambia, "Mama, weka injini ya Toyota ya dizeli, utapumzika." Wanasema kwa nia njema, na kwa mtu anayelipakia gari mzigo kila siku ili ale, nadhani wana haki. Mimi sijakubali. Injini yake ya petroli ya lita mbili na robo ina nguvu za farasi zipatazo 70 tu, na gari zima limepimwa kwa nguvu hizo. Breki zake ni za drami matairi yote manne, na zilitengenezwa kusimamisha gari la mwendo ule. Ukiweka injini yenye nguvu zaidi inabidi ubadilishe breki, na baada ya breki utafika kwenye giaboksi, mpaka siku moja ujikute na gari lingine.

Lakini sababu iliyo moyoni ni hii. Injini ile ina valvu 8, vile vilango vya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi, na kila moja lazima ipimwe nafasi yake, yaani mwanya kati yake na mkono unaoisukuma, inchi 0.010, yaani kama robo milimita. Valvu ikiwa wazi kabisa, kuna mwenzake iliyofungwa kabisa, na hiyo ndiyo unayoipima. Utaijuaje? Mzee alinifundisha kwa maneno matatu: "Jumla iwe tisa." Ya 1 ikiwa wazi, pima ya 8. Ya 3 ikiwa wazi, pima ya 6. Ya 5 na ya 4, ya 2 na ya 7, kisha unageuza: ya 8 ikiwa wazi, pima ya 1, na kuendelea. Nilikaa na daftari usiku kucha nikilinganisha na mfuatano wa silinda unavyowaka, 1, 3, 4, 2, mpaka nikaona kwa nini hesabu hiyo haikosei. Yeye alifundishwa kwa mdomo na fundi aliyemtangulia. Siku hizi macho yake hayasomi tena filageji, kile kipimo cha vibati vyembamba, anapima kwa mkono, na nikihakikisha namkuta yuko sawa. Nikiing'oa injini hii na kuiuza kwa kilo, ile tisa nitamfundishia nani, na kwenye nini?

Oktoba 2024 Land Rover zilipokusanyika Arusha kwa mamia, nilipanda basi nikaenda, maana langu lilikuwa halina hata nyaya. Nilitembea na nyundo yangu ndogo kwenye mkoba. Wenye magari walinikaribisha nilale chini niangalie chasisi zao, na watatu waliniomba niwagongee. Wawili nililazimika kuwapa habari mbaya.

Kwa hiyo, ndiyo, ningemshauri mwenzangu aanze. Akague kadi ya gari kabla ya kutoa hata shilingi. Asikope fedha kwa ajili ya hili. Boliti azitie kwenye makopo ya maziwa na kuandika kila kopo limetoka wapi, kwa sababu baada ya miaka sita hatakumbuka. Rangi aiweke mwisho kabisa. Na zaidi ya yote atafute mzee wa kumfundisha sasa hivi, asingoje mwakani.

Mwezi Machi mwaka huu injini iliwaka. Mzee aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha valvu na mpini sikioni, akafumba macho. Dakika nne hakusema neno. Kisha akanipa bisibisi, akaniambia nisikilize silinda ya 3. Nilisikia: mlio mdogo wa kugonga, mkavu, kila mzunguko. Tulizima, tukapima, na nafasi ilikuwa imezidi kwa unywele.

Bado kuna mpira wa madirisha, nyaya za taa za nyuma na viti. Jumamosi hii tunatoa upepo kwenye breki. Binti yangu atakanyaga pedali, mimi nitakuwa chini na spana, na mzee ameshasema kiti chake kiwekwe upande wa kivuli.